Usibanie wati kwenye rangi

Dukani muuzaji wa balbu za LED atakutajia wati, kisha atakuwashia uone weupe wake. Namba ya kuulizia taa ya jikoni au ya juu ya cherehani ni CRI, ambayo kwenye boksi huweza kuandikwa Ra. Inaeleza rangi zinaonekana kwa uhalisia kiasi gani, na mwisho wake ni 100.

Balbu nyingi za bei ya kawaida ziko kwenye 80. Kinachopungua hapo hasa ni wekundu uliokolea. Nyama mbichi inaonekana imepauka, na uzi mwekundu unaweza kudhaniwa damu ya mzee. Sababu yake ni hesabu: jicho huona vizuri zaidi mwanga wa kijani-manjano, karibu na nanomita 555, na lumeni, yaani kipimo cha mwanga unaotoka kwenye balbu, hupimwa kwa jicho hilohilo. Umeme unaotumika kutoa wekundu huzaa lumeni chache, kwa hiyo balbu ya CRI 90 hutoa lumeni pungufu kwa wati zilezile, aghalabu kama asilimia 10 hadi 15.

Hasara hiyo ni ndogo mno. Balbu ya wati 9 itahitaji takriban wati 1.3 zaidi. Ikiwaka kwa muda wa saa 5 kila siku, hazifiki yuniti 2.5 kwa mwaka mzima. Lipa.

Pa kubania ni mpangilio. Chukua jiko la mita 3 kwa 4. Kukatia mboga kunataka laksi 500 hivi, yaani lumeni 500 kwa kila mita ya mraba. Ukitaka chumba kizima kifikie hapo kwa taa za darini, na kuta na dari zikinyonya asilimia 40 ya mwanga, unahitaji lumeni 10,000, yaani wati 100 kwa LED ya lumeni 100 kwa wati. Badala yake, weka laksi 100 chumbani (wati 20), na chini ya kabati la ukutani utepe wa LED wa wati 10 kwa kaunta ya mita 2. Jumla wati 30, na kivuli chako hakiangukii kisu.

Utepe huo uweke ukingo wa mbele wa kabati, ndani ya reli ya alumini yenye kifuniko cheupe kama maziwa. Bila alumini joto huula mapema. Adapta iwe na akiba ya asilimia 20. Utepe wa volti 12 ukizidi mita 5, ulishe umeme pande zote mbili, la sivyo ncha ya mbali itafifia.

Kelvini, yaani kipimo cha mwanga kuwa wa manjano au mweupe, ni jambo jingine kabisa: 2700 hadi 3000 sebuleni, 4000 jikoni. Balbu ya 6500 ni nyeupe sana na bado inaweza kuharibu rangi.

Kabla ya kulipa, irekodi balbu kwa simu, video ya mwendo wa polepole. Ikipepesa waziwazi, irudishe: drava yake, kifaa cha ndani kinachoipa LED umeme, ni duni, na macho yanaweza kuchoka hata kama huoni ikipepesa.