Shati la Mifuko Miwili

Ukipita kibandani kwangu hapa Kibuye utaona mashati yangu yote yana mifuko miwili kifuani, kila mfuko na kifuniko chake. Wateja hudhani ni mtindo. Ulikuwa ujanja wa kuficha matiti yangu. Mfuko mmoja huacha upande wa pili wazi; iwe miwili, na kitenge kiwe cha maua mengi, basi macho ya mtu hayapati pa kutua. Ndani yake fulana mbili za kubana. Fulana mbili, Kisumu, jua la saa nane! Nimeishi hivyo miaka 14.

Yalianza kidato cha kwanza. Chuchu ya kushoto ikawa inauma mpira ukinigonga, na nikiibonyeza nasikia kitu chini yake, kama kifungo cha koti. Mama akasema ni balehe, itapita. Hakukosea: wavulana wengi hupata hali hii, na kwa wengi wao huisha ndani ya miaka miwili. Yangu ikakataa kutoka. Bwenini nikabatizwa "Anti", nikajifunza kuoga saa kumi alfajiri.

Baadaye nikapiga pushapu mpaka mikono ikatetemeka kwenye cherehani. Misuli ikajaa, ikazidi kuyasukuma matiti nje. Kuna duka la dawa lililoniuzia krimu ya kuyayeyusha. Ilinitoa upele tu.

Kilichoniamsha ni mteja. Januari mwaka jana mama mmoja aliniletea mwanawe wa kidato cha kwanza ashonewe shati la sare. Futi ilipokaribia kifua, kijana akakunja mabega na kutazama mlangoni. Mabega hayo nayajua. Na sare ya shule ina mfuko mmoja tu.

Wiki hiyo nikaenda kwa daktari wa upasuaji. Alinilaza chali, akabana kwa vidole viwili kutoka pembeni kuelekea katikati, kisha akaniambia nijaribu mwenyewe. Kama ni mafuta matupu, vidole vinakutana. Vyangu viligonga kisahani kigumu kama mpira, kimekaa sawasawa chini ya chuchu. Hiyo ni tezi, pushapu haziwezi kuigusa. Inaitwa ginekomastia, Kigiriki cha mwanamke na titi; kumbe hata Wagiriki walisoma na wale wenzangu wa bwenini.

Sababu yake ni mizani ya homoni: estrojeni, ile ya kike, ikizidi nguvu testosteroni, ile ya kiume, tezi inakua. Aliniuliza kuhusu pombe, ini, figo, sindano za kujaza misuli, na dawa ninazomeza. Spironolaktoni, dawa ya moyo na presha, inaweza kuleta hali hii, na pia efavirenzi, dawa ya virusi vya UKIMWI ambayo watu wengi huku kwetu waliimeza miaka mingi kabla ya kubadilishiwa. (Ukiwa kwenye dawa yoyote, usiiache kabla hujaongea na kliniki.) Akapima hata makende, maana uvimbe wa huko unaweza kumwaga homoni. Uvimbe mgumu uliokaa kando ya chuchu, au chuchu inayotoa damu, ungemtia wasiwasi zaidi, kwa sababu saratani ya matiti huwapata wanaume pia, ingawa ni nadra. Vipimo vyangu vyote vilitoka safi.

Nikaomba vidonge. Akasema vipo, tamoksifeni kwa mfano, lakini husaidia zaidi titi likiwa bado changa na linauma. Likipita mwaka hivi, hukomaa na kuwa kama kovu. Langu lilihitaji mkasi.

Nikauza mashine yangu ya overloki.

Kazi yenyewe ningeielewa hata bila kusomea udaktari. Alikata nusu duara kwenye ukingo wa chini wa ile duara nyeusi inayozunguka chuchu, pale rangi mbili zinapokutana, kama fundi anavyoficha mshono kwenye pindo. Mafuta ya pembeni aliyanyonya kwa bomba jembamba. Tezi hakuitoa yote. Aliacha kipande chini ya chuchu, la sivyo ingezama kama sahani. Ngozi ikibaki nyingi hupunguzwa pia, ila yangu ilijirudi yenyewe. Nyama iliyotoka ikapelekwa maabara.

Usiku ule upande wa kushoto ukavimba, ukawa mzito kama embe. Damu ilikuwa imejikusanya ndani. "Baba, mbona hukuita mapema?" nesi akaniuliza. Nilidhani ndivyo inavyokuwa! Nikarudishwa chumba cha upasuaji, wakaitoa. Kisha wiki 6 ndani ya fulana ya kubana, safari hii kwa amri ya daktari. Chuchu ya kushoto bado ina ganzi.

Juzi yule kijana alirudi, shati limembana mabega. Nikamwita mama yake kando, nikamwambia nina jamaa yangu aliyepitia jambo fulani, kwamba kwa umri wa mwanawe mara nyingi huisha lenyewe, lakini daktari amwangalie. Alinisikiliza akinitazama kifuani.

"Na mifuko miwili ni ya nini, fundi?"

"Mmoja wa chaki, mama. Mmoja wa simu."