Wafugaji wa Kasese

Nilifika Kasese, magharibi mwa Uganda, kuiona Ruwenzori, lakini milima ilijifunika mawingu siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikawa sina hamu tena. Nikakaa kibandani kwa mama chai, na mzee mmoja aliyekuwa akichovya chapati akaniuliza, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya upande wa Kongo, kama nimewahi kuona mahali wanapofugwa wadudu wanaokula mawe.

Nilidhani ananitania. Kumbe alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kobalti cha hapa.

Shaba ya Kilembe, mgodi ulio karibu na Kasese, ilianza kuchimbwa 1956. Ikasafirishwa kwa treni hadi Jinja kuyeyushwa, na mabaki yake yakamwagwa hapa Kasese: takribani tani milioni moja za pairiti, yaani chuma na salfa vilivyoshikana, na metali ya kobalti kidogo ndani. Mvua ikanyesha juu ya rundo lile wazi. Bakteria wa asili wakala salfa na chuma wakatoa asidi, na asidi ikatiririka na metali zake kuelekea mbuga ya Queen Elizabeth na Ziwa George.

"Hapo ndipo penye kichekesho, mwanangu," akasema mzee. "Kiwandani tuliwaleta wadudu wa aina ileile."

Kuanzia 1999 pairiti ilitiwa kwenye matangi makubwa, ikachanganywa na maji na kupulizwa hewa usiku na mchana. Bakteria hawaonekani kwa macho, ila wanapokula wanatoa joto. Wafanyakazi walilazimika kulipooza tangi libaki kwenye nyuzi 42 hivi. Kazi iliyochukua miaka mingi pale nje ilikwisha kwa siku chache. Kobalti ikatolewa, na ile asidi ikatulizwa kwa mawe ya chokaa yaliyosagwa badala ya kuachiwa ziwa. Mwaka 2013 rundo likaisha, na kiwanda kikasimama.

Tukapanda boda wawili nyuma (usiige). Njiani tairi likapata pancha, tukamalizia kwa miguu. Pale rundo lilipokuwa likitiririsha maji, ardhi bado ina vipara: udongo wa rangi ya kutu, ukoko wa manjano unaovunjika chini ya kiatu kama ukoko wa wali, na hatua chache mbele nyasi zinasita. Mzee akaonyesha kwa fimbo upande wa ziwa.

"Rundo waliondoa. Lililokwisha kumwagika, nani alilirudisha tangini?"

Nikaokota kipande cha ukoko nikakisaga mkononi. Vidole vilininukia kiberiti mpaka Mbarara.