Nilivyouelewa mzunguko wa kaboni kwa kufuata kilo, si mishale

Mchoro wa mzunguko wa kaboni niliujua kwa moyo: jua, mti, mnyama, mshale wa kupanda, mshale wa kushuka. Mtihani ukipita, nao unapotea. Mzunguko wenyewe ulinikaa kichwani nilipouacha mchoro na kujiuliza swali moja tu: gogo kavu la kilo 100 limetoa wapi uzito wake?

Jan Baptist van Helmont, mwanasayansi wa karne ya 17, aliliuliza kabla ya wengi wetu. Alipima udongo, akapanda mche, akaumwagilia kwa miaka 5. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70, ilhali udongo haukupungua hata gramu 100. Akasema basi mti ni maji. Hoja safi kabisa, ila hewa hakuipima. Karibu nusu ya mti mkavu ni kaboni, na kaboni hiyo iliingilia kwenye vitundu vya majani ikiwa hewa ya ukaa (kaboni dioksidi).

Kwa hiyo gogo langu lina kilo 50 za kaboni, nikaanza kuzifuata. Kuvu na bakteria wakilila, sehemu kubwa wanaipumua irudi angani. Kidogo hubaki udongoni kama mboji. Likizama kwenye kinamasi kisicho na oksijeni, linaoza polepole sana na kutoa gesi ya methani, nayo ina kaboni. Likichomwa, safari ya miaka mingi inaisha kwa saa chache.

Hapo ndipo nikaweka tarakimu za dunia nzima. Kwa makadirio, mimea ya nchi kavu hufyonza tani bilioni 120 hivi za kaboni kwa mwaka, na karibu zote hurudi kwa kupumua na kuoza. Makaa ya mawe, mafuta na gesi tunavyochoma hutoa kama bilioni 10. Mbona kelele zote hizi za mabadiliko ya tabianchi kwa bilioni 10? Kwa sababu zile 120 zina njia ya kurudi. Hizi zimetoka kwenye ghala lililofungwa mamilioni ya miaka. Bahari na mimea huchukua karibu nusu, iliyobaki inalundikana angani. Mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kupima hewa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 315 hivi kwa milioni. Sasa imepita 420.

Miamba ya chokaa, ghala la kaboni kubwa kuliko yote, niliiacha hadi mwisho. Mwendo wake ni wa polepole mno, na anayeanza nayo huchoka kabla hajafika kwenye jani.