Mabonge matatu kila asubuhi

Paka wangu Kijivu alichutama kwenye trei ya mchanga mara sita kabla sijamaliza kufagia. Kila mara alijikamua mgongo umejikunja, akatoa mlio mzito ambao sikuwahi kuusikia kwake, kisha akatoka na kujilamba chini ya mkia. Nilidhani amefunga choo, nikasubiri hadi jioni. Leo najua kusubiri kule kungeweza kumuua.

Daktari alimpapasa tumbo tu, akajua. Kibofu kilikuwa kigumu kama mpira wa tenisi. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana, fuwele, yaani chembe ngumu za madini kwenye mkojo, na ute vikikutana vinaiziba. Mkojo ukikosa pa kutokea, figo zinalemewa, potasiamu inapanda kwenye damu, na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. Kijivu alipewa dawa ya usingizi, akawekewa mrija na dripu, akalazwa siku tatu.

Nilidhani yameisha. Baada ya wiki tano nikaona matone ya damu sakafuni, na miezi miwili baadaye tena. Kila tukirudi tunapewa antibayotiki, anapata nafuu, halafu hali ileile. Nilichoka, nikatafuta daktari mwingine. Yeye alianza kwa kuchukua mkojo moja kwa moja kutoka kwenye kibofu kwa sindano na kuupeleka maabara uoteshwe. Hakukuwa na bakteria hata mmoja. Alinieleza kwamba kwa paka ambaye bado kijana, bakteria mara nyingi si chanzo. Kibofu huvimba bila sababu inayoonekana, na wasiwasi wa paka mwenyewe huchangia sana. Nafuu ya zile siku chache ingekuja hata bila antibayotiki. Picha ya ultrasaundi haikuonesha vijiwe, ila mkojo ulikuwa mzito, una fuwele za struviti, zile ambazo chakula maalumu huweza kuziyeyusha. Kuna aina nyingine, za oksaleti, ambazo haziyeyuki kwa chakula.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ikawa maji. Paka ametokana na paka mwitu wa nchi kame, hana kiu ya kutosha kufidia chakula kikavu, ambacho maji yake ni kama asilimia 10 tu. Cha kopo kina zaidi ya 75. Kijivu alikigomea. Nilichanganya kijiko kimoja kimoja kwa wiki tatu, nikikipasha moto kidogo ili harufu itoke, bila kumshindisha njaa kamwe, maana paka akikaa siku chache bila kula ini lake huharibika. Sasa namwongezea na maji ya vuguvugu juu, anayalamba yote.

La wasiwasi lilinichukua muda zaidi, na ndilo lililonifungua macho. Nilianza kuandika kila siku: amekula nini, amekojoa mara ngapi, nyumbani kumetokea nini. Niliposoma nyuma nikaona damu ya mara ya pili ilikuja siku mbili baada ya paka mgeni kuanza kulala nje ya dirisha la sebuleni, palepale mkabala na trei. Kijivu alikuwa anakojoa huku anatazamwa na adui! Niliziba sehemu ya chini ya kioo kwa karatasi, nikahamishia trei chumbani, nikaongeza ya pili mbali na ile, nikamwekea rafu ya juu ya kupumzikia. Dawa ya maumivu hutolewa na daktari pekee. Nawasihi wenzangu, msimpe paka paracetamol, hata kipande: inaua.

Tangu hapo ni mwaka na nusu, na ameugua mara moja tu, tulipohama nyumba. Usiku ule nilikuta kwenye trei mabonge ya mchanga ulioshikana kwa mkojo, madogo kama punje za mahindi, saba. Mkojo ulikuwa unatoka, kidogo kidogo, lakini sikusubiri kuche. Safari hii hakuhitaji mrija. Alipewa dawa ya maumivu, tukarudi naye nyumbani, na siku ya nne akawa mzima.

Asubuhi hii nimechota mchanga: mabonge matatu, makubwa kama ngumi ya mtoto. Nimeyaandika kwenye daftari, yeye akiwa juu ya rafu amelala chali.