Jicho bovu la Nelson

Mwaka niliokuwa darasa la saba tulikaa kambi ya polisi ya Naguru, Kampala, ndani ya zile nyumba za bati za duara tulizoziita uniporti. Sisi Waacholi, jirani Mteso, aliyefuata Msamia. Kilichotukutanisha ni Kiswahili, kama kilivyowakutanisha askari wa Uganda tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki. Shuleni ilikuwa Kiingereza tu. Kwa ajili ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwalimu alitupa orodha ndefu ya misemo ya Waingereza: kupiga ndoo teke ni kufa, mvua ya paka na mbwa ni mvua kubwa, kuzika shoka ni kupatana. Ukisahau, kiboko. Mpaka leo nasema ule ulikuwa ufundishaji mbaya, kwani tulikariri maneno bila kumjua mtu hata mmoja aliyeyatumia.

Jioni moja umeme ulikatika, tukaizunguka tadoba tukikariri kwa sauti: kugeuza jicho pofu, maana yake kutoona. Jirani yetu, sajenti wa idara ya mawasiliano, alikuwa nje na redio yake. Akaizima.

"Nani kawaambia haoni?"

Akaingia, akatusimulia habari za Nelson, mwanamaji wa Uingereza ambaye jicho lake la kulia liliharibika vitani Corsica mwaka 1794. Mwaka 1801 walikuwa Copenhagen wakipigana na Wadenmark. Mkubwa wake, Hyde Parker, akiwa mbali kwenye meli yake, akapandisha bendera za ishara: acheni vita. Hapo afande alisimama kabisa. Alitueleza jinsi bendera zinavyopangwa mlingotini, na jinsi meli moja inavyoisomea nyingine; mambo ya ishara yalikuwa kazi yake na aliyapenda. Nelson akapewa habari. Husimuliwa kwamba alichukua darubini, akaiweka kwenye jicho bovu, akasema kweli haoni ishara yoyote. Mizinga ikaendelea.

"Ameona! Ila amekataa kuona. Askari anayempita mwizi akitazama pembeni, huyo ndiye."

"Afande, alifungwa?"

"Wapi! Parker ndiye aliyeitwa nyumbani. Nelson akapewa ukuu wa manowari zote zile."

Tukagawanyika papo hapo. Kaka yangu akasema walishinda, basi yamekwisha. Mtoto wa Mteso akashikilia kwamba amri ni amri. Mama, aliyekuwa akisonga posho, akauliza kuhusu wale waliokufa baada ya bendera kupanda: wao walikuwa upande wa nani? Afande hakumjibu. Aliomba orodha yetu, akaisogeza karibu na mwanga, akaanza habari za wenyeji wa Amerika Kaskazini waliofukia shoka zao ardhini walipofanya amani.

Asubuhi, njiani kwenda shule, bado tulikuwa tunabishana kama Parker alistahili kumshtaki.