Jinsi nilivyolinusuru duka langu kisiwani

Mche wa sabuni haukatwi kwa kisu. Kisu kinaumega, na kila kinachopukutika ni hasara yako. Mimi hutumia uzi wa nyavu: nauzungusha kwenye mche, nashika ncha zake mbili na kuvuta taratibu mpaka upite. Mwaka 2021 nilikuwa nakata vipande vitano, na wateja wengi hata hawakuhitaji kukatiwa, walichukua mche mzima kwa shilingi 4,000. Katikati ya mwaka 2022 mche ule ule nilikuwa nauuza 9,000, na vipande vikawa kumi, vya shilingi 1,000 kila kimoja. Jioni moja mama mwenye watoto wanne aliniomba nikate kipande chake mara mbili, nusu achukue siku ile, nusu nimwekee mpaka Ijumaa. Nilikikata. Usiku sikulala vizuri, maana yule mama alikuwa mmoja wa wateja wangu wenye uwezo.

Duka langu liko mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kwenye kimojawapo cha visiwa vya Ssese vya Ziwa Victoria, wilaya ya Kalangala, Uganda. Wilaya ina visiwa 84, na chetu ni katika vile vidogo ambavyo kivuko hakifiki. Ukishuka kwenye boti unaikuta njia moja ya mchanga, inapanda mpaka kwenye mwembe, maduka kushoto na kulia. Nyumbani watu wanasema Kiganda, ila wavuvi wametoka pia Kenya, Tanzania na Kongo, kwa hiyo dukani ni Kiswahili kutwa nzima. Mwaka 2016 njia ile ilikuwa na maduka kumi na manne. Kulikuwa na vitenge, dawa, fundi simu, vinyozi wawili, na mzee wa nyavu na kamba ambaye watu walimfuata kutoka visiwa vya jirani. Mwaka 2022 tulibaki watano.

Hayakufungwa kwa mpigo. Mwaka 2017 doria kali ilianza ziwani, na mtumbwi usiofika futi 28 ukawa hauwezi tena kuingia kazini. Nakubali kwamba sangara wachanga walikuwa wanamalizwa, nimewaona kwa macho yangu wakipimwa kwa ndoo. Lakini kijana wa mtumbwi mdogo hakuwa na pesa ya kununua mkubwa. Alihama, na alipohama yeye, kinyozi wake alikosa kichwa cha kunyoa. Kisha mwaka 2020 ziwa lilipanda. Mwezi Mei lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya mwaka 1964, na maduka ya safu ya chini yakaingiliwa na maji. Wenyewe waling'oa mbao na mabati wakaondoka navyo. Corona nayo ilikuja mwaka huo huo.

Tuliobaki tulidhani tumeshayaona yote. Mwaka 2022 petroli ilipita shilingi 6,000 kwa lita Kampala, na kisiwani, ambako inafika kwa madumu, ikawa juu zaidi. Mtu wa bara akinunua katoni Kikuubo, soko la jumla la Kampala, anaipakia kwenye bodaboda na kwenda zake. Katoni yangu inalipiwa teksi mpaka Kasenyi, mwalo wa boti huko bara, inalipiwa mpagazi anayeingia nayo majini mpaka kiunoni, inalipiwa boti, halafu inalipiwa mpagazi wa pili huku. Petroli ikipanda, kila mkono kati ya hiyo unapandisha.

Linaloniuma hasa ni mafuta ya kupikia na sabuni. Kisiwa kikubwa cha Bugala kimejaa michikichi. Matunda yake yanakamuliwa Bwendero, huko huko Bugala, mafuta ghafi yanavushwa kwenda Jinja kusafishwa, kisha yanarudi kwetu kupitia Kikuubo yakiwa katoni na miche ya sabuni. Mchikichi uko ng'ambo ya maji, na mafuta nayauza kwa upawa. Tena bei yake haiamuliwi hapa: mwaka ule Indonesia ilipozuia mafuta ya mawese yasitoke nchini mwake, kuanzia mwisho wa Aprili mpaka Mei, hata sisi tulisikia moto wake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa huruma isiyo na hesabu. Kila aliyeomba mkopo nilimpa. Mwezi Julai nilikaa na daftari nikajumlisha, nikapata shilingi 1,870,000 ziko nje, na kwenye sanduku nilikuwa na 112,000. Pesa hiyo haikunitosha hata safari moja ya Kikuubo.

Dada yangu mkubwa, ambaye ameanika dagaa tangu ujana wake, ndiye aliyenifumbua macho. Alichukua daftari, akaangalia tarehe, akaniambia, "Mdogo wangu, wewe unadai watu mwezi ukiwa mpevu. Nani ana pesa mwezi mpevu?" Dagaa, au mukene kama tunavyowaita, wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa, mitumbwi inalala, na mwalo mzima unaishiwa. Mimi nilikuwa nakopesha wakati wa giza, watu wakiwa na kitu mfukoni, nikaenda kuwadai mwishoni mwa mwezi wa kalenda, siku ambayo kwa mvuvi haina maana yoyote.

Nilibadilisha. Sasa mkopo unatoka wakati wa mbalamwezi tu, kwa unga, chumvi, mafuta, sabuni na dawa ya mtoto. Soda na muda wa maongezi sikopeshi. Deni linalipwa giza likirudi, ndani ya usiku tano za kwanza za uvuvi. Asiyelipa sitangazi jina lake, ila mbalamwezi inayofuata anapata chumvi na unga tu. Wawili walininunia. Waliobaki walilipa, wengine kwa shilingi 2,000 kila asubuhi, na mpaka Desemba deni la zamani lilikuwa limeshuka chini ya laki nne.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu lilihitaji kuaminiana. Tulikuwa watatu tunaouza vitu vile vile, na kila mmoja alisafiri peke yake, analipa nauli yake, duka limefungwa siku tatu, anarudi na mzigo nusu. Nilimwendea jirani wa upande wa pili wa njia, mtu ambaye tulikuwa tunasalimiana kwa shida. Nikamwambia, "Kaka, tukiendelea hivi mwaka ujao njia hii itabaki na mbuzi." Tulikubaliana kusafiri kwa zamu. Mmoja anaenda na pesa ya wote watatu, nauli yake tunachanga, na akirudi risiti zote zinawekwa mezani chini ya mwembe kabla katoni haijafunguliwa. Mara ya pili risiti moja ilikosekana. Tulibishana mpaka usiku, ikaonekana imegandia kwenye katoni ya kiberiti. Tangu siku hiyo msafiri anazipiga picha palepale Kikuubo na kututumia.

Mzigo ukiwa mkubwa unapewa bei ya jumla halisi. Kwenye mche mmoja wa sabuni tulipunguza shilingi 500. Kwa mtu wa bara ni kidogo.

Boti ilikuwa inaenda Kasenyi tupu, nikaona tupeleke dagaa. Hapo nilipata hasara. Nilinunua magunia sita ya bei nafuu, yaliyoanikwa kwenye mchanga. Mnunuzi aliingiza mkono, akasugua dagaa kiganjani, mchanga ukadondoka, akasema hayo ni ya chakula cha kuku. Nililipwa chini ya nilichonunulia. Tangu hapo nachukua dagaa wa juu ya chanja tu, na huwa nawaonja mwenyewe: wakigonga jino, siwachukui. Kuna akina mama waliojenga chanja kwa sababu hiyo, na wengine wananilipa deni kwa debe badala ya shilingi.

Maduka hayajarudi kumi na manne. Tuko saba sasa, pamoja na kijana anayechaji simu kwa sola na mama wa dawa aliyerudi. Petroli bado inatutesa, na nyavu mpaka leo mtu anazifuata bara, kwa sababu mzee wetu hakurudi. Kibanda chake amenikodisha niweke dagaa. Kila masika yakianza ananipigia simu kutoka Masaka, anauliza hali ya ziwa, anauliza watoto, halafu anauliza kama bati lake linavuja. Namwambia linavuja kidogo, upande wa dirisha, na kwamba nimeweka ndoo.