Siku moja maishani mwangu: mimi ni mfunza mbwa

Saa kumi na mbili asubuhi nafungua mabanda. Kabla ya kugusa komeo lolote nasimama na kuwatazama. Aliyelala vizuri ananyoosha miguu ya mbele, mwili umelegea, kiuno kizima kinacheza pamoja na mkia. Aliyekesha kwa hofu amejikunja pembeni, masikio yamelala nyuma, anapiga miayo wala hana usingizi. Huyo simkodolei macho. Namwekea chakula, namgeuzia ubavu, naondoka.

Kufagia, kuosha bakuli, kubadilisha maji: saa tatu yamekwisha.

Saa nne akaja bwana mmoja na dume kubwa. "Mwalimu, huyu amemng'ata mwanangu bila onyo." Nikauliza kwanza habari za mtoto. Jeraha lilioshwa kwa maji mengi na sabuni, hospitali alipelekwa, na mbwa ana chanjo ya kichaa. Nikashusha pumzi. Nikamwomba alegeze kamba. Hakulegeza, aliivuta zaidi, kisha akainama akamkumbatia mbwa shingoni ili nione alivyo mpole.

Mbwa akaganda. Mdomo ukafumba, uso ukageuka pembeni huku jicho limebaki kwetu, weupe wake ukaonekana kama mwezi mwandamo. Akajilamba pua mara mbili, upesi. Mkia ulisimama wima, umekakamaa, ncha ikitetemeka.

"Si unaona? Anatikisa mkia, amefurahi."

Nikamwambia mkia una lugha yake. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walionyesha kwamba mbwa akimwona bwana wake mkia huelemea zaidi kulia, na akimwona mbwa mgeni mwenye ubabe huelemea kushoto. Kutikisika peke yake hakutoshi. Tazama na mwili unaoubeba: kujilamba pua na kugeuza uso vile ni mbwa anayeomba aachwe. Akanijibu kwamba amefuga mbwa tangu utotoni. Tukazunguka hapohapo karibu saa nzima, simu yake ikiita, yeye akipokea, mbwa akihema kati yetu. Nilichoka kuliko mtu aliyebeba magunia.

Mwishowe nikauliza, "Akinguruma, humfanya nini?"

"Nampiga. Siku hizi hangurumi tena."

Basi onyo lilikuwapo, likachapwa mpaka likanyamaza. Ukimpiga mbwa kwa kunguruma, hofu inabaki palepale, sauti ndiyo inayoondoka, na kinachofuata ni meno. Nilimwambia hivyo waziwazi, sauti yangu ikipanda, na siombi radhi, maana aliyeng'atwa ni mtoto. Nikamtaka aachie kamba, akae mbali, asimtazame. Dakika kumi hivi zikapita. Mbwa akajikung'uta mwili mzima kama aliyetoka majini, akalala chini.

Yule bwana hakusema neno. Nikamwagiza mtoto asikumbatie mbwa huyo, wala wasiachwe wawili peke yao hata dakika moja. Akaondoka amenuna.

Mchana sikumbuki vizuri. Palikuwa na watoto wa mbwa, palikuwa na mvutano wa mpira, na majike mawili niliyoyatenganisha kabla manyoya ya mgongoni hayajamaliza kusimama. Miguu iliwaka moto. Yule wa pembeni alikuwa bado pembeni, ila bakuli lake lilikuwa tupu.

Nilipokuwa nafunga, giza limeshaingia, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa yule bwana: "Mwalimu, mtoto alimsogelea, mbwa akajilamba pua na kugeuza uso. Nimemwita mtoto kwangu."